Wimbo wa Taifa Ulitoka Mtoni

Wasee wa Karagita, swali moja: ile tuni ya wimbo wa taifa mliyokuwa mnaimba paredi mkiwa na usingizi, ilitoka wapi? Sisi tuliambiwa ni wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto, tukaandika kwa daftari, kengele ikalia. Basi. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, sina cheti cha kuwafunza historia. Lakini nilienda kuuona huo mto wao wenyewe, Tana.

Gari lilinishusha kwenye barabara ya Garissa kwenda Malindi, kusini ya Hola. Nduthi ikanifikisha ukingoni, na hapo magurudumu yakaisha. Ng'ambo unavuka kwa mtumbwi wa gogo moja, umetulia tuli juu mamba wako. Kijijini hakuna gari hata moja. Nilikuwa nimepanga kurekodi video ya "amani ya kijijini", halafu nikaona mama mjamzito akishikwa mikono ashuke kwenye tope apande mtumbwi aende kliniki. Hiyo video sikurekodi.

Kitu cha ajabu ni msitu. Pande zote ni nchi kavu ya miiba, kisha kando ya maji miti mirefu inafunga jua. Hauishi kwa mvua, unaishi kwa mto. Ni kama mabaki ya misitu iliyowahi kuungana na ile ya Kongo, na kuna aina mbili za kima ambazo huwezi kuzipata kwingine duniani. Kwa ajili yao serikali ilitangaza hifadhi mwaka 1976. Sawa, lakini Wapokomo walikuwa wanaishi humo, wakilima ndizi na mpunga. Wakaanza kuangaliwa kama ndio wamevamia. Mwaka 2007 Mahakama Kuu ikasema hifadhi hiyo haikuanzishwa kwa kufuata sheria. Miaka 31!

Na mto nao tuliwaguzia. Tana inaanzia Aberdare na Mlima Kenya. Mvua ikinyesha upande wetu wa Aberdare inashuka na Malewa hadi ziwa Naivasha. Ikinyesha upande ule mwingine inaenda kwao. Huko juu likajengwa bwawa la Kindaruma, 1968, yakafuata mengine, Masinga likaisha 1981. Nchi ikapata umeme. (Najua, Olkaria iko hapa nyuma yetu. Lakini nayo ilianza 1981, kabla ya hapo taa za nchi hii zilitegemea sana Tana.) Kwa Mpokomo mafuriko ya kila msimu ndiyo yalikuwa mbolea: maji yanapanda, yanarudi, yanaacha tope, unapanda. Mabwawa yakayapunguza. Yale makubwa ya kubomoa nyumba, kama ya 1997 na 2023, hayakuzuilika.

Nilimwambia mzee aliyenikaribisha kwamba kwetu ziwa lilipanda likafukuza watu manyumbani. Akauliza, "Na yaliporudi, mwanangu, mlipanda nini?" Nilikosa jibu. Karagita tunalipa kodi ya nyumba, kando ya ziwa ni mashamba ya maua, na sisi tumebakishiwa kipande cha bichi.

Ile tuni alitoa mzee mmoja Mpokomo, Meza Moroa Galana, na mwaka 1963 kamati ya watu watano, Graham Hyslop na George Senoga-Zake wakiwemo, ikaigeuza kuwa wimbo wa nchi nzima. Majina ya kamati unayapata haraka. La Galana niliulizia wasee kumi hapa steji, hakuna aliyelijua.

Siku ya kuondoka nilimwomba nyanya mmoja aniimbie ule wa kubembeleza, nirekodi. Akaangalia simu, akaniangalia mimi. Akasema mtoto amelala, nije jioni. Jioni nduthi ilikuwa imeshanibeba.