Bibi Yumo Katika Kitabu cha Kadhi

Mtu akinijia kutafuta asili yake, jambo la kwanza huulizia cheti cha kuzaliwa cha babu. Humjibu mapema asije akapoteza nauli: ikiwa babu huyo alikuwa Mwafrika, naye alizaliwa Pwani ya Kenya kabla ya uhuru, yamkini cheti hicho hakikuandikwa kamwe. Serikali ya kikoloni ilianza kusajili vizazi na vifo mwaka 1904, lakini ulazima uliwahusu Wazungu, kisha Waasia. Ikaja sheria ya 1928, ambayo ndiyo msingi wa usajili wetu hadi leo, na Mwafrika akabaki nje. Ulazima wa kuwasajili watu wote ulienezwa wilaya baada ya wilaya tangu 1963, ukaienea nchi nzima mwaka 1971. Waliozaliwa na kufa kabla ya hapo hawakuhesabiwa kuwa watu wa kuandikwa. Hilo huniuma kila ninapomweleza kijana aliyetoka Likoni au Malindi na bahasha tupu mkononi.

Nimefanya ukarani kwa mawakili hapa Mombasa, zaidi katika kesi za mirathi, na huko ndiko nilikojifunza pa kutafuta. Mirathi ya Kiislamu haikubali nasaba ya kukisia. Marehemu akiacha watoto, mjane hupata thumuni; asipoacha mtoto, hupata robo; na wajane wakiwa wawili hugawana fungu hilo hilo. Kwa hiyo swali la kama bibi fulani alikufa akiwa ndani ya ndoa au alikwisha kupewa talaka laweza kuihamisha nyumba nzima ya Kibokoni kutoka ukoo huu hadi ule. Mashahidi wakishazikwa, jibu limo katika daftari la ndoa la kadhi.

Mwaka 1906 ilitungwa sheria ya kusajili ndoa na talaka za Waislamu. Miaka michache tu, basi, baada ya usajili wa vizazi kuanza kwa kuwabagua watu, pakawa na kitabu kingine ambacho mwanamke Mwislamu wa Pwani, awe wa kabila lolote, angeweza kuandikwa akiwa na jina lake. Mstari mmoja wa ndoa unampa mtafutaji zaidi ya cheti cha kuzaliwa: jina la mume na la baba yake, jina la mke na la baba yake, walii aliyeozesha, mashahidi, mahari. Walii ndiye wa kumwangalia kwanza. Baba akiwa hai na mwenye akili timamu, ndiye anayeozesha. Ukiona ameozesha kaka au ami, yaelekea baba alikwisha kufa au alikuwa mbali, na hapo umepata fununu ya kifo ambacho hakuna ofisi iliyokisajili. Mashahidi nao aghalabu ni majirani au jamaa; majina yao hukuambia mtaa.

Daftari za zamani zina tarehe za Hijria, na hapo wengi hupotea. Mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa kizungu kwa siku kama kumi na moja, kwa hiyo huwezi kutoa idadi moja ya miaka kila mara ukapata jibu. Mwaka 1340 Hijria, kwa mfano, ulianza Septemba 1921. Nilimuuliza bibi mmoja wa Mji wa Kale, “Mama, ulizaliwa lini?” Akanijibu, “Mwanangu, mimi ni mtoto wa baada ya vita vya Mjerumani. Kaka yangu alikwisha kutahiriwa, na baba alikuwa ametoka Kariakoo hana nguvu.” Kariakoo aliyoitaja ni kikosi cha wapagazi wa vita vile. Maneno yake yalitosha kunipa miaka ya kufungua, kwa sababu ndoa yake ya kwanza isingeweza kuwa kabla ya miaka ya thelathini.

Karatasi nyingine zipo, ila ziliandikwa serikali ilipokuwa na haja yake. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwataka watu wa Mwambao wathibitishe miliki zao. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali. Madai yale yana majina ya warithi na mipaka ya mashamba ya minazi, lakini ya wale walioweza kudai. Waliotoka utumwani, ambao sheria iliwaachia huru mwaka 1907 tu, huwaoni sana humo. Kipande kilianza kutolewa karibu na mwaka 1920: alama za vidole na sifa za kazi katika kikopo cha bati kinachoning'inia shingoni. Kilikuwa cha wanaume. Hata kitambulisho cha taifa hakikuwahusu wanawake mpaka sheria iliporekebishwa mwaka 1978. Hesabu mwenyewe, msomaji: mwanamke aliyezaliwa mwaka 1910 angeweza kuishi umri wake wote, akazaa, akazika, na karatasi pekee yenye jina lake ikawa ni ya nikahi.

Ukosefu huu bado unaumiza. Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, waliishi vizazi vitatu bila uraia hadi walipoandamana kwa miguu kuelekea Nairobi mwaka 2016. Wapemba wa Kwale na Kilifi walitambuliwa mwaka 2023. Watu hawa wamevua samaki, wamelima na kuzikwa katika nchi hii, na kilichowapungukia kilikuwa karatasi.

Kwa hiyo nasema wazi: vitabu vya makadhi wa Pwani ni mali ya taifa sawa na magofu ya Gedi. Vipigwe picha kurasa zote, viorodheshwe kwa jina la mke na la mume, na nakala iwekwe Hifadhi ya Nyaraka Nairobi, kabla mchwa na unyevu havijavimaliza. Nawe, kama bibi yako yu hai, muulize wiki hii aliozeshwa wapi, na nani, mashahidi walikuwa kina nani. Yaandike hayo, kisha uyapeleke kwa kadhi wa mji huo.