Mwanga Unaotambua Mzizi Ulikotoka

Katika karne ya 7, tabibu wa Kichina Sun Simiao aliorodhesha mamia ya dawa pamoja na majimbo zilikotoka. Tayari waganga wa China walishikilia kwamba mmea mmoja, ukiota bondeni huku na mlimani kule, hautoi dawa ile ile. Hadi leo mnunuzi wa mizizi ya dawa iitwayo chuanxiong huulizia ya Sichuan, na wa ile iitwayo danggui huulizia ya Gansu. Palipo na bei nzuri, udanganyifu haukosi, na kwa karne nyingi kinga pekee ilikuwa pua, ulimi na vidole vya mjuzi.

Chombo kilichokuja kuwasaidia wajuzi hao kilianzia mbali kabisa na duka la dawa. Mwaka 1800, huko Slough, Uingereza, mwanaastronomia William Herschel aliutawanya mwanga wa jua kwa prizimu, akaweka kipimajoto katika rangi mbalimbali. Alipokiweka nje ya nyekundu, mahali pasipoonekana rangi yoyote, joto lilizidi kote kwingine. Hiyo ndiyo miale ya infraredi. Mwaka 1905 Mmarekani William Coblentz alichapisha vipimo vya zaidi ya kemikali 100, vikionyesha kuwa kila moja humeza miale hiyo kwa namna yake, kwa sababu vifungo vya atomi zake hutikisika kwa kasi zake vyenyewe.

Lakini mzizi uliosagwa si kemikali moja. Una wanga, sukari, mafuta na protini, na alama za kila kimoja katika miale hiyo hupandana. Hapa namheshimu sana Karl Norris, mhandisi wa Wizara ya Kilimo ya Marekani pale Beltsville, Maryland. Alianza na ubora wa mayai, akayachunguza bila kuyavunja, kisha akahamia kwenye unyevu wa nafaka. Mchanganyiko ule hakujaribu kuuchambua kimoja kimoja. Aliupima mzima kwa miale hiyo, akaiachia hesabu itafute mpangilio. Miaka ya 1970 Svante Wold wa Sweden akaipa elimu ya namna hiyo jina la kemometria.

Maabara za China, ikiwemo ya Sun Suqin katika Chuo Kikuu cha Tsinghua, zilizigeuzia dawa za asili mbinu hizo. Udongo, mvua na mwinuko hubadili uwiano wa viambato, na kompyuta huona tofauti hizo kwenye unga kidogo tu, kwa dakika chache.

Hata hivyo, mashine hutambua tu mahali ilipokwisha kuonyeshwa. Namna ya kukausha, umri wa mzizi na mwaka wa mavuno vinaweza kujifanya tofauti ya mahali. Mkusanyaji wa sampuli za kuifundishia akinunua sokoni na kuamini neno la muuzaji, mashine itajifunza uongo. Ndiyo maana naona kazi kubwa iko shambani, kwa anayechimba sampuli mwenyewe, msimu baada ya msimu.

Jambo hili linatugusa na sisi wa Afrika Mashariki. Artemisia annua, mmea uliompatia Tu Youyou artemisinini mwaka 1972, ndio chimbuko la dawa mseto ya malaria, na umelimwa Tanzania, Kenya na Uganda. Kiwango cha artemisinini hutegemea mbegu, hali ya shamba na wakati wa kuvuna, na infraredi imeshatumika kukikadiria. Mkulima anayepeleka majani yake kuuza anastahili kupimiwa hapo hapo, akiona mwenyewe, kabla bei haijatajwa.