Kikoa cha emoji

Kikoa cha emoji ni jina la tovuti lenye alama ya picha ndani yake, kama moyo, kikombe cha kahawa au uso unaocheka, iwe peke yake au pamoja na herufi. Mfano unaotajwa mara nyingi ni 💩.la, jina lililosajiliwa mwaka 2011 na Panic, kampuni ya programu za kompyuta ya mjini Portland, Marekani. Majina haya hununuliwa na watu wa aina mbili. Kuna wenye biashara wanaotaka anwani ya kuvutia macho, na kuna wachuuzi wa vikoa wanaonunua leo wakitumaini kuuza kesho kwa faida. Makala hii inawahusu zaidi wachuuzi, kwa kuwa wao ndio huweka akiba zao humo. Hoja yake ni kwamba kwao kikoa cha emoji ni kitega uchumi dhaifu, na sababu zake ziko katika namna jina lenyewe linavyoundwa.

Picha mbele, herufi nyuma

Mfumo wa majina ya intaneti ulibuniwa mwaka 1983, na majina yake huandikwa kwa herufi a hadi z, tarakimu na kistari. Emoji hauzijui. Mwaka 2003 wahandisi wa intaneti walichapisha utaratibu uitwao IDNA, ili watu wa Kiarabu, Kichina, Kihindi na lugha nyingine waweze kuandika majina kwa hati zao. Ndani ya utaratibu huo mna punikodi, njia ya kugeuza alama yoyote ya Unicode, orodha ya kimataifa ya herufi na alama za kompyuta, iwe mfuatano wa herufi na tarakimu za kawaida unaotanguliwa na xn--. Mtu akiandika ☕ katika upau wa anwani, kivinjari hakipeleki kikombe popote. Hupeleka xn--53h. Vivyo hivyo 💩.la, kwa mashine, ni xn--ls8h.la.

Kwa hiyo mnunuzi hulipia ule mfuatano wa herufi. Picha ni vazi tu ambalo kivinjari huamua kulivisha jina au kutolivisha. Kivinjari cha Safari cha Apple kimezoea kuonyesha picha yenyewe, lakini Chrome huonyesha xn-- pamoja na kinachofuata. Mteja aliyebonyeza kikombe cha kahawa hujikuta anatazama anwani isiyosomeka, tena ya sura ileile ambayo kila siku tunaonywa kuikimbia kwa kuwa matapeli huitumia kuiga tovuti za benki. Mtu aliyenunua jina kwa sababu ya uzuri wake hana mamlaka juu ya uzuri huo.

Punikodi inaonyesha pia hatari ya pili, ambayo ni kubwa zaidi. Moyo mwekundu tunaotumiana kwenye simu, ❤, ni alama ya Unicode namba 2764, na jina lake la kimashine ni xn--qei. Kuna moyo mwingine, ♥, wa kwenye karata, namba 2665. Huo ni xn--g6h. Katika simu nyingi mioyo hii miwili huonekana myekundu, na aliyeitazama kwa haraka hawezi kuitofautisha, lakini kwa mashine ni majina mawili yasiyo na undugu wowote, na kila moja linaweza kuwa na mwenyewe. Dole gumba 👍 lina mwenzake mmoja kwa kila rangi ya ngozi kati ya tano zilizoongezwa mwaka 2015, hivyo dole moja ni majina sita. Mkulima wa kike 👩‍🌾 ana tabu yake. Kwa Unicode yeye si alama moja. Ni mwanamke na mganda wa mpunga waliounganishwa kwa alama isiyoonekana. Utaratibu wa 2003 huifuta alama hiyo, na mkulima husambaratika akawa mwanamke kando na mpunga kando.

Kwa nini si .com

Kila mchuuzi angependa emoji iliyofuatwa na .com, na hapa ndipo mlango umefungwa. Mwaka 2010 utaratibu wa IDNA uliandikwa upya, na toleo hilo jipya linakubali herufi na tarakimu za lugha mbalimbali lakini linakataa alama za picha. Tarehe 25 Mei 2017 kamati ya usalama na uthabiti ya ICANN, shirika linalosimamia majina ya intaneti duniani, ilitoa ushauri wake namba SAC095, ikapendekeza emoji zisiruhusiwe katika majina ya vikoa. Sababu ilizozitaja ndizo zilizoonekana hapo juu. Alama zinafanana mno, zinachorwa tofauti katika kila kifaa, na nyingine zimeunganishwa kwa viungio ambavyo jicho halivioni. Novemba ya mwaka huohuo bodi ya ICANN iliupokea ushauri huo.

Mikataba ya ICANN huvibana vikoa vya jumla kama .com, .net na .org. Vikoa vya nchi, vile vya herufi mbili, viko chini ya nchi zenyewe, na ICANN inaweza kuzishauri tu. Ndiyo maana soko lote la emoji limehamia katika masjala za nchi ndogo. Kuna .ws ya Samoa, .to ya Tonga na .fm ya Mikronesia, zote za Bahari ya Pasifiki. (Herufi za .ws zinatokana na jina Samoa Magharibi. Nchi ilibadilisha jina mwaka 1997, lakini herufi zilibaki, na wauzaji wakaona zinafaa kwa maneno ya Kiingereza yenye maana ya tovuti.) Coca-Cola ilipofanya kampeni ya emoji Puerto Rico mwaka 2015 ilisajili nyuso zenye tabasamu kwa .ws. Kampeni hiyo iliwashawishi wengi kwamba wakati wa emoji umefika. Wachache waliangalia kwamba kampuni ile ilikuwa na bajeti ya matangazo ya kusukuma nyuso hizo mbele ya macho ya watu, na haikuwa inatafuta faida katika kuyauza majina yenyewe.

Mpangaji na mwenye nyumba

Neno “kumiliki” hupotosha sana katika biashara hii. Hakuna anayemiliki kikoa. Tunakipanga kwa mwaka, miwili, pengine kumi, na usalama wa mpangaji unategemea mwenye nyumba. Kwa .com mpangaji analindwa kiasi, kwa sababu bei ya jumla ambayo Verisign, kampuni inayoendesha .com, huwatoza wasajili imewekewa ukomo kwa mkataba. Septemba 2024 ilifikia dola 10.26 kwa mwaka. Masjala ya nchi haina ukomo wa namna hiyo. Inaweza kupandisha bei, kubadili kanuni, au kuufuata ushauri wa ICANN siku yoyote na kusema emoji basi. Mwaka 2010 Libya ilichukua jina moja fupi la .ly lililokuwa likitumiwa na watu walioko Marekani, kwa maelezo kwamba matumizi yake hayapatani na sheria za nchi. Hilo lilikuwa jina la herufi za kawaida. Lenye emoji lina udhaifu uleule, na juu yake udhaifu wa kupingwa na kanuni za kiufundi.

Kisa kinachopaswa kusomwa na kila mwenye nia ya kuwekeza humo kimetokea katika vikoa vya Afrika. Kampuni ya Freenom ya Uholanzi ilikuwa ikiendesha .ml ya Mali, .ga ya Gabon, .cf ya Jamhuri ya Afrika ya Kati na .gq ya Guinea ya Ikweta, pamoja na .tk ya Tokelau. Iligawa majina bure, ikauza yale yaliyoonekana mazuri, na emoji zilikubaliwa. Wachuuzi walijaa. Matapeli nao walijaa, kwa kuwa jina la bure linalotupwa baada ya wiki moja ndilo wanalolitaka. Meta, kampuni ya Facebook, iliishtaki Freenom Marekani, na mwaka 2023 usajili mpya ulisimama. Juni 2023 Gabon ikarudisha .ga mikononi mwake, na mamilioni ya majina yakafutwa katika usafishaji huo. Mwezi uliofuata Mali ikaichukua .ml. Februari 2024 Freenom ikatangaza kwamba inaacha kabisa biashara ya vikoa.

Nchi hizo zilikuwa na haki kamili ya kufanya hivyo. Kikoa cha nchi ni cha nchi, na kwa miaka mingi jina la Gabon na la Mali lilikuwa likichafuliwa na barua pepe za ulaghai zilizotoka kwa watu wasiowahi kukanyaga Libreville wala Bamako. Lakini kwa aliyenunua emoji zake huko akidhani ameweka akiba, mwenye nyumba alibadilika, na mkataba wake haukuwa na la kumsaidia.

Nani atanunua?

Thamani ya jina la kuuza hutokana na mnunuzi wa mwisho, yaani mwenye biashara anayelihitaji kiasi cha kulipa. Voice.com liliuzwa mwaka 2019 kwa dola milioni 30 kwa sababu ni neno. Linasikika redioni, linatajwa kwenye simu, linaandikwa kwenye kadi, na aliyelisikia mara moja anaweza kuliandika bila kuuliza. Emoji inashindwa hapo hapo. Chukua muuza maua anayemwelekeza mteja kwa simu.

“Andika moyo, halafu nukta, halafu ws.”

“Moyo upi? Hapa naona mingi.”

“Mwekundu.”

“Myekundu ni miwili, kaka. Wa mwanzo, au ule uliopo kwenye karata?”

Mteja akikosea ataishia kwenye ukurasa usiopatikana, au kwa mtu mwingine kabisa. Na moyo una heri, kwa kuwa angalau sote tunauita moyo. Alama ya 🙏 mmoja huiita asante, mwingine dua, wa tatu nakuomba. 🔥 ni moto kwa mama na ni “kali” kwa mwanawe. Jina ambalo kila mtu analitamka kwa namna yake haliwezi kupita kutoka mdomo hadi mdomo, na katika nchi zetu biashara nyingi bado hutangazwa kwa mdomo. Barua pepe nazo ni shida, maana fomu nyingi za mtandaoni hukataa anwani yenye emoji, na si kila programu ya ujumbe hugeuza jina la namna hiyo kuwa kiungo cha kubonyeza.

Hesabu inabaki kuwa ya kawaida. Tuseme mtu ana majina 100, kila moja analilipia dola 20 kwa mwaka. Hiyo ni dola 2,000 kila mwaka, dola 20,000 kwa miaka 10, auze asiuze. Wazoefu wa biashara ya vikoa hutarajia kuuza jina moja au mawili katika mia kwa mwaka, na hao wanazungumzia majina ya maneno, yenye wanunuzi wa kila aina. Ili hesabu ya emoji isimame, lazima kila mwaka apatikane mtu wa kulipa dola 2,000 kwa picha moja, kabla dalali hajakata chake. Wanunuzi wengi katika soko hili ni wachuuzi wengine, na bei inayopandishwa na wachuuzi kwa wachuuzi hudumu mpaka siku wanapochoka kulipia mwaka unaofuata.

Yako pia majina ya emoji yasiyo vikoa kamili ingawa huuzwa kwa sura hiyo. Yale ya .eth, ya mfumo wa ENS uliozinduliwa mwaka 2017, yameandikwa kwenye mnyororo wa Ethereum, na kivinjari cha kawaida hakiyafungui bila msaada wa programu nyingine. Yat, huduma iliyovuma mwaka 2021 baada ya watu mashuhuri kama mwanamuziki Kesha kuitumia, huuza mifuatano ya emoji inayokaa chini ya anwani yake yenyewe, y.at. Hapo mpangaji yuko chini ya mpangaji, maana .at nayo ni ya Austria.

Matumizi yaliyobaki yenye maana ni madogo na ya wazi. Mwenye biashara ambaye tayari ana tovuti yake ya herufi anaweza kulipia emoji moja inayompeleka mteja kwenye tovuti hiyo, akaichapisha kwenye fulana, kikombe au bango. Huko hutazamwa tu na haihitaji kutamkwa, na hata ikipotea duka halifungwi. Gharama yake aiingize kwenye matangazo. Katika stakabadhi aandike jina lake la xn--, kwa kuwa ndilo alilolisajili.

Emoji chache za .com zipo kweli. Verisign ilipokuwa ikijaribu majina ya hati za kigeni, mwaka 2001, watu wachache walisajili alama kama ☮.com na ♨.com, na zilizosajiliwa kabla ya mlango kufungwa zimeruhusiwa kuendelea. Hizo ni adimu kwa maana halisi ya neno, na wenye nazo huzilipia kila mwaka. Ikitokea mmoja akasahau kulipa mpaka jina likafutwa, chini ya kanuni za sasa hakuna mtu anayeweza kulisajili upya, hata yeye mwenyewe.