Nani Huamua Printa? Historia Fupi ya Mpangilio Chaguo-msingi katika Mifumo ya Jamii ya Unix

Mtumiaji anapotoa amri ya kuchapisha bila kutaja printa, ni lazima mfumo endeshi uamue hati yake iende wapi. Uamuzi huo ndio unaoitwa chaguo-msingi. Ingawa huonekana kuwa jambo dogo la kiufundi, makala hii inadai kuwa historia yake ni historia ya mamlaka: nani huamua kwa niaba ya nani, na uamuzi huo huhifadhiwa wapi.

Uchapishaji ulikuwa miongoni mwa kazi za awali za Unix. Mwaka 1971, wapiga chapa wa idara ya hataza ya Bell Labs, nchini Marekani, waliutumia mfumo huo kuandaa maombi ya hataza. Zama hizo printa ilikuwa ghali na ilitumiwa na watu wengi kwa zamu. Hivyo jina moja lilitosha. Katika toleo la 4.2BSD la mwaka 1983, printa zilielezwa katika faili la /etc/printcap, lililotunzwa na msimamizi wa mfumo. Mtumiaji asiyetaja printa alipelekwa kwenye ile iliyoitwa lp, isipokuwa awe ameweka jina jingine katika kigeu cha mazingira cha PRINTER. Upande wa AT&T, mfumo wa System V ulimpa msimamizi amri ya lpadmin na mtumiaji kigeu cha LPDEST. Mapokeo hayo mawili yalitofautiana kwa amri, lakini yalilingana kwa msingi: msimamizi huweka kanuni ya wote, na mtumiaji huachiwa nafasi ya kujitoa.

Mwaka 1999 ulitolewa mfumo wa CUPS, ulioanzishwa na Michael Sweet. CUPS ulikubali amri za mapokeo yote mawili, na kwa hiyo ukarithi tabaka zake. Chaguo la seva huwekwa kwa lpadmin. Chaguo la mtumiaji huwekwa kwa lpoptions na kuhifadhiwa katika saraka yake mwenyewe. Na vigeu vya mazingira hutangulia yote mawili. Hata masalia ya zamani yalibaki: CUPS hukipuuza kigeu cha PRINTER kinapokuwa na thamani ya lp, jina lililokuwa la kila mahali na ambalo halimtambulishi tena yeyote.

Urithi huo una gharama. Msimamizi anaweza kubadilisha chaguo la seva, na bado hati za mtumiaji mmoja zikaendelea kwenda kwenye foleni ya zamani, kwa kuwa faili lake binafsi lina neno la mwisho. Hati ya siri huweza kutokea katika chumba kisichokusudiwa, bila mfumo kutoa onyo lolote, kwa sababu kila tabaka limetenda kama lilivyoagizwa. Kutunza chaguo-msingi, basi, si kuliweka mara moja tu, bali ni kujua ni tabaka lipi linalotawala. Amri ya lpstat -d huonyesha matokeo, lakini haielezi chanzo chake.

Swali hilohilo la mamlaka huuhusu mfumo wenyewe. Apple iliuingiza CUPS katika Mac OS X 10.2 mwaka 2002, na mwaka 2007 ikanunua msimbo wake na kumwajiri Sweet. Alipoondoka mwishoni mwa 2019, maendeleo yalipungua, na mwaka 2020 kundi la OpenPrinting likaanzisha tawi lake, ambalo toleo lake la 2.4 lilitoka mwaka 2021. Sehemu kubwa ya uchapishaji wa Linux inategemea kazi ya kundi hilo dogo.

Kwa watunga sera, funzo ni bayana. Taasisi inayotumia mifumo hii inapaswa kuandika nani ameweka chaguo-msingi, katika tabaka lipi, na nani atalirekebisha printa inapohamishwa. Pasipo kumbukumbu hiyo, uamuzi wa mtu aliyekwisha kuondoka huendelea kutawala waliobaki.