Mizani ya Mkaguzi

Sisi walimu tumezoea kupima na kupimwa. Mkaguzi anapofika shuleni hutazama maandalio ya masomo, madaftari ya mahudhurio, maabara na vyoo, kisha huandika ripoti yake na kwenda zake. Matokeo ya mitihani yanapotangazwa, shule hupangwa kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, na wazazi hukimbilia zile za mbele. Ni nadra mtu kuuliza swali la pili: hiyo ya mwisho ilipewa nini, na isingalikuwapo, wanafunzi wake wangalikwenda wapi? Kwa vyuo vya udaktari swali hilo ni zito zaidi, maana chuo kikifungwa, wapo wagonjwa watakaomkosa daktari. Nitalieleza kwa historia ya vyuo viwili vilivyomo katika mji mmoja, Nashville, jimbo la Tennessee, huko Marekani.

Chuo Kikuu cha Vanderbilt kiliasisiwa mwaka 1873 kwa dola milioni 1 za Cornelius Vanderbilt, tajiri wa meli na reli. Shahada zake za kwanza za udaktari zilitolewa mwaka 1875. Kilikuwa chuo cha Wazungu. Mwaka uliofuata, 1876, Wamethodisti walifungua idara ya kuwafundisha udaktari Wamarekani Weusi, watu ambao utumwa wao ulikuwa umekoma miaka kumi na moja tu kabla. Idara hiyo ndiyo iliyokuja kuwa Chuo cha Udaktari cha Meharry. Jina ni la ndugu watano waliochangia fedha na ardhi. Inasimuliwa kwamba mmoja wao, Samuel, alipokuwa kijana, gari lake la chumvi lilikwama matopeni usiku, na familia moja ya watu Weusi ikampa malazi na kumsaidia kulinasua. Aliahidi kwamba siku akipata, atalifanyia jambo taifa lao.

Basi vyuo vikazaliwa karibu pacha, lakini kimoja kilizaliwa na milioni na kingine kikazaliwa na ahadi.

Mwaka 1910 ilitoka ripoti ya Abraham Flexner, iliyogharamiwa na mfuko wa Carnegie. Flexner hakuwa daktari. Alikuwa mwalimu mwenzetu, aliyeanzisha na kuongoza shule yake mwenyewe huko Louisville, Kentucky. Alikagua vyuo 155 vya udaktari vya Marekani na Kanada, akauliza maswali ambayo mkaguzi yeyote mzuri angaliuliza. Mwanafunzi aliingia na elimu gani? Maabara iko wapi? Je, anamwona mgonjwa, au anasikiliza hotuba tu? Majibu yalikuwa ya aibu. Vyuo vingi vilikuwa biashara: walimu waligawana karo, na kijana asiyemaliza sekondari aliweza kutoka na shahada ya kutibu watu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Flexner aliwaokoa wagonjwa wengi na madaktari wa bandia.

Kwa Tennessee, alipendekeza kazi ya kufundisha madaktari iachiwe Vanderbilt. Lakini Vanderbilt haikumpokea mwanafunzi Mweusi. Kwa Weusi kulikuwa na vyuo saba katika nchi nzima, na vitatu kati ya hivyo vilikuwa Tennessee: Meharry, kimoja cha Knoxville na kingine cha Memphis. Flexner aliona viwili tu ndivyo vinavyostahili kusaidiwa: Howard kilichopo Washington, na Meharry. Cha Knoxville kilifungwa mwaka huo huo wa 1910; cha Memphis mwaka 1923. Vyote vitano vilikufa. Ripoti haikuwa sababu pekee, kwani bodi za leseni za majimbo zilikuwa zimeanza kukaza masharti. Hata hivyo, ilikuwa hukumu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulikadiria kwamba vyuo hivyo vitano vingalibaki, vingalitoa madaktari zaidi ya 35,000 kufikia mwaka 2019.

Hapo ndipo ninapotaka msomaji asimame kidogo. Chuo cha Wazungu kilipofungwa, kijana wa Kizungu alikwenda kingine. Chuo cha Weusi kilipofungwa, kijana alirudi nyumbani, na kijiji chake kikabaki na waganga wa kubahatisha. Kipimo kilikuwa kimoja, lakini adhabu hazikulingana.

Isitoshe, ripoti ilielekeza fedha. Flexner mwenyewe alijiunga na mfuko wa elimu wa Rockefeller, na mwaka 1919 mfuko huo uliitengea Vanderbilt dola milioni 4 ili ijijenge upya kama chuo cha kisasa. Meharry nacho kilisaidiwa, kikahamia majengo mapya mwaka 1931, lakini hakikupata kuwa na utajiri wa jirani yake. Aliyesifiwa akaongezewa, na nyongeza ile ikathibitisha sifa.

Matunda ya Vanderbilt ni makubwa. Wanasayansi wake Earl Sutherland, mwaka 1971, na Stanley Cohen, mwaka 1986, walipata Tuzo ya Nobel. Lakini katika maabara hizo hizo, kuanzia mwaka 1930, kijana Mweusi aitwaye Vivien Thomas alifanya majaribio ya upasuaji kwa ustadi uliowashangaza wataalamu, huku kwenye orodha ya mishahara akihesabiwa kuwa mfagizi. Hakupata kamwe kusomea udaktari. Mwanafunzi wa kwanza Mweusi wa udaktari, Levi Watkins, aliingia Vanderbilt mwaka 1966. Mwaka 1980, akiwa daktari wa upasuaji huko Baltimore, alikuwa wa kwanza kumpandikizia mgonjwa kifaa cha kuushtua moyo unaokwenda mrama.

Meharry hakina Nobel. Kina Dorothy Brown, aliyelelewa katika nyumba ya yatima, akahitimu mwaka 1948 na kuwa daktari bingwa wa upasuaji. Kina pia Hastings Kamuzu Banda, aliyehitimu mwaka 1937, kisha akaja kuwa rais wa kwanza wa Malawi. Utawala wake ni habari nyingine. Zaidi ya hao kina maelfu ya madaktari wasiojulikana, waliokwenda kutibu mahali ambapo wengine hawakutaka kukanyaga.

Mwaka 1999 vyuo hivi viwili vilitia saini mkataba wa kushirikiana. Mwaka 2024 mfuko wa Bloomberg uliipa Meharry dola milioni 175. Ni jambo jema, ingawa limekuja miaka 114 baada ya ripoti.

Sisemi mkaguzi avunje mizani yake. Shule mbovu ni dhuluma kwa mtoto, na daktari mbovu ni hatari kwa mgonjwa. Nasema tu kwamba kabla ya kuandika neno "ifungwe", aulize kwanza mlango wa pili uko wapi, na kama mtoto huyu ataruhusiwa kuupita.