Ute Uozao na Kamba Isiyooza

Mwani wa pwani yetu ulianza safari za ng'ambo zamani kuliko wengi wadhaniavyo. Katika miaka ya 1950, kabla haujalimwa popote katika Afrika ya Mashariki, watu wa Unguja na Pemba walikuwa wakiuokota ule wa mwitu, wakiuanika na kuuuza, nao ukipakiwa melini kwenda ng'ambo. Biashara hiyo ilififia katika miaka ya 1970, wakati Ufilipino ilipokuwa imekwisha kujifunza kuupanda, kwa juhudi za Maxwell Doty wa Chuo Kikuu cha Hawaii na wenziwe. Keto Mshigeni, Mtanzania aliyesoma katika chuo hichohicho, alirejea Dar es Salaam akihimiza kwamba sisi nasi twaweza kuulima. Mwaka 1989 kilimo cha biashara kilianza Paje na Jambiani kwa mbegu za Ufilipino; katika miaka ya 1990 kikavuka kuja Bara, kikafika hata Mtwara.

Wakitafutacho wanunuzi si jani, bali ute uliomo ndani yake. Ute huo, uitwao karagini, ni polima, yaani mnyororo mrefu wa sukari, ambao vijidudu vya baharini huweza kuuvunja ukaisha. Mwani wa kotonii hutoa ute ugandao imara ukikutana na potasiamu. Wa spinosamu hutoa ute mlegevu, nao bei yake ni duni. Karagini huishika dawa ya meno isitengane na maji yake, na hutumika katika maganda ya vidonge mahali pa jelatini, ambayo hupatikana kwa kuchemsha ngozi na mifupa ya ng'ombe au nguruwe. Kwa Mwislamu wa Mikindani amezaye dawa, jambo hili si dogo. Mwani wa hudhurungi nao una polima yake, aljineti, aliyoigundua Mwingereza Stanford katika miaka ya 1880. Kitambaa chake kikiwekwa juu ya kidonda hunywa majimaji na kugeuka ute.

Tuje sasa kusini. Kuanzia Naumbu hadi Ghuba ya Mnazi, karibu na mlango wa Ruvuma, wanawake wengi wameifanya kazi hii, kwa kuwa mashamba ya maji mafupi hufikiwa kwa miguu bahari ikupwapo. Lakini maji mafupi ndiyo yapatayo joto kwanza, na kotonii haivumilii joto: huugua, hugeuka nyeupe na kukatika. Wataalamu hushauri kilimo kihamie maji marefu. Ushauri huo ni sahihi kwa mmea. Kwa mlimaji wataka chombo na kuogelea, na chombo pwani yetu aghalabu ni mali ya mwanamume.

Lipo na jingine, litajwalo mara chache kuliko listahilivyo. Mwani huu, ambao ulimwengu wautarajia uwe badala ya plastiki, hufungwa kambani kwa viuzi vya plastiki, ambavyo wakulima huviita taitai. Marufuku ya tarehe 1 Juni 2019 ilihusu mifuko, viuzi havikuguswa. Vikikatika huchukuliwa na mkondo, hata katika hifadhi ya bahari iliyotangazwa Ghuba ya Mnazi mwaka 2000. Bibi zetu walifukia makumbi katika tope la ufuko wakasokota kamba zioazo. Taitai na kamba zake, kwa miaka mingi, zimetolewa na mnunuzi mwenyewe, kwa sharti kwamba mkulima amuuzie yeye tu.