Mwanafalsafa Asiye na Shahada: Historia ya Swali Moja kutoka Ugenya hadi Elgon View

Elgon View ni mtaa wa makazi katika jiji la Eldoret ambao jina lake linaelekeza macho kaskazini-magharibi, ulipo Mlima Elgon kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, na ambao sifa yake mjini ni ya utulivu, kuta ndefu na mageti. Ndani ya mageti hayo huishi madaktari, mawakili, wahadhiri, wafanyabiashara na baadhi ya wanariadha ambao mbio zimewapa uwezo wa kujenga; nje yake hushinda watu ambao mtaa haungeenda bila wao, yaani mlinzi katika kibanda chake, mwendesha bodaboda anayesubiri abiria kwenye kona, na mama mboga aliyepanga nyanya zake mafungu mafungu. Mtu akiuliza ni nani kati ya hao wote anayestahili kuitwa mwanafalsafa, wengi watamwelekeza ndani ya geti, kwa mhadhiri mwenye shahada ya uzamivu. Jibu hilo limepingwa nchini Kenya kwa muda wa nusu karne, na aliyelipinga zaidi ya wote alikuwa mwenye shahada hiyo hiyo.

Ubishi wenyewe ulianza mbali na Eldoret. Mwaka 1945 Placide Tempels, padri Mbelgiji wa shirika la Wafransisko aliyehudumu Katanga, alichapisha kitabu kilichodai kwamba Wabantu wana falsafa kamili ambayo msingi wake ni nguvu ya uhai, lakini akaongeza kwamba wenyewe hawawezi kuieleza kwa utaratibu, na kwamba ni Mzungu aliyesoma ndiye atakayewaambia wanachokiamini. Mwaka 1956 padri Alexis Kagame wa Rwanda alijibu kwa kuichambua sarufi ya Kinyarwanda, akapata humo makundi manne ya vyote vilivyopo, ambayo ni mtu, kitu, mahali na wakati, na namna. Kisha mwaka 1969 John Mbiti, mzaliwa wa Ukambani, akatoa kitabu kilichoenea kupita vyote hivyo, ambamo alitumia maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, kueleza kwamba Mwafrika wa jadi huishi katika wakati uliopo na uliopita, huku mustakabali wa mbali ukiwa karibu haupo katika fikra zake. Mbiti alikuwa akizungumzia mila za kale, na haki yake apewe. Hata hivyo ni vigumu kuusoma ukurasa huo Eldoret, mji ambao kijana hupanga mazoezi yake kwa kuhesabu miaka iliyobaki kabla ya Olimpiki, bila kutabasamu kidogo.

Maandishi ya aina hii yalikuja kuitwa etnofalsafa, maana yake falsafa inayohesabiwa kuwa mali ya kabila au jamii nzima, iliyofichika katika methali, lugha na matambiko, bila mtu mmoja anayeweza kusimama na kusema kwamba wazo fulani ni lake na sababu zake ni hizi. Kasoro yake haikuwa kwamba iliwadharau Waafrika, kwa kuwa wengi wa waandishi wake waliwapenda na kuwatetea, bali kwamba ilimfanya kila mmoja wao kuwa mwangwi wa mwenzake. Katika etnofalsafa hakuna mzee anayekosea, kwa kuwa hakuna mzee anayefikiri peke yake.

Katika Bonde la Ufa kulikuwa na mtu aliyeliona jambo hili mapema. Taita Towett, Mkipsigis aliyekuja kuwa Waziri wa Elimu, alichapisha mwaka 1959 katika jarida la Présence Africaine la Paris insha kuhusu wajibu wa mwanafalsafa Mwafrika, miaka minne kabla ya uhuru na kabla Kenya haijawa na chuo kikuu chake kamili. Historia za falsafa zinamtaja kwa haraka mno, pengine kwa sababu siasa ilimchukua na haikumrudisha.

Aliyeligeuza swali hilo kuwa kazi ya maisha ni Henry Odera Oruka, aliyezaliwa Ugenya, Siaya, mwaka 1944. Alikwenda Uppsala nchini Uswidi, akavutwa na falsafa chini ya Ingemar Hedenius, akasoma pia Detroit nchini Marekani, na mwaka 1970 akarudi kufundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako falsafa wakati huo ilikuwa chini ya kivuli cha masomo ya dini hadi ilipopata idara yake mwaka 1980. Kuanzia mwaka 1974, yeye na wenzake walianza kwenda vijijini wakiwa na kinasa sauti, si kukusanya methali, bali kuwahoji wazee ambao majirani wao waliwataja kuwa wenye hekima. Matunda ya kazi hiyo yalitoka mwaka 1990 katika kitabu kinachojulikana kama Sage Philosophy, ambacho jina lake kwa Kiswahili lingeweza kuwa falsafa ya wenye hekima.

Utaratibu wa mahojiano hayo unafaa kuangaliwa kwa karibu, kwa kuwa ndani yake ndimo lilimo jibu la Odera Oruka kuhusu nani ni mwanafalsafa. Mzee aliulizwa kwanza watu wake wanasema nini kuhusu Mungu, kifo, uhuru, sheria au usawa wa mwanamume na mwanamke, na karibu kila aliyehojiwa alijibu vizuri, maana ndiyo sababu aliheshimiwa. Baada ya hapo akaulizwa yeye mwenyewe anaonaje, na kwa nini. Hapo ndipo njia zilipoachana. Wapo walioyarudia ya kwanza kwa ufasaha zaidi, na hao Odera Oruka aliwaita wenye hekima wa kijamii, yaani mabingwa wa yale ambayo jamii inayajua tayari. Wapo pia waliosita, wakapima, wakasema kwamba watu wao wamekosea na kueleza wamekosea wapi, wakakubali kuulizwa tena; hao aliwaita wenye hekima wa kifalsafa. Umri, mvi, kusoma na kutosoma havikuwa na uzito katika kipimo hiki.

Mfano ulio wazi kabisa ni Paul Mbuya Akoko, ambaye mwaka 1938 alikuwa ameandika kitabu kuhusu mila na desturi za Wajaluo na kwa hiyo hakuna aliyeweza kumshuku kwamba hazijui. Alipohojiwa, alisema kwamba wazee wake walidhani Nyasaye ni Mungu wao peke yao, na kwamba walikosea, kwa kuwa maumbile yanafuata kanuni zilezile kila mahali, na miungu mingi ingeleta kanuni nyingi na vurugu. Mtu anaweza kuikataa hoja hiyo, lakini ataikataa kama hoja, si kama desturi. Stephen M'Mukindia Kithanje wa Meru alimweleza Mungu kwa kukutana kwa joto na baridi ambako huzaa uhai. Njeru wa Kinyenje, aliyezaliwa katika karne ya 19, aliziona dini zote kuwa uchawi tu na hakuona haya kusema hivyo, jambo linalowatatiza wale wanaorudia kwamba Mwafrika ni mcha Mungu kwa asili. Kutoka upande wa kusini wa Mlima Elgon, katika Bungoma, walitokea Wabukusu wawili, Okemba Simiyu Chaungo na Chaungo Barasa, waliowekwa katika kundi la wenye hekima wa kifalsafa.

Wakosoaji hawakukawia. Mnigeria Peter Bodunrin alisema kwamba mwanachuo anapomhoji mzee kwa maswali ya kifalsafa, kinachopatikana ni kazi ya wawili, na mzee anavikwa joho ambalo pengine ni la mwulizaji. Paulin Hountondji wa Benin alishikilia kwamba bila maandishi hakuna falsafa, kwa kuwa wazo lisiloandikwa haliwezi kujibiwa na kizazi kinachofuata. Hoja ya pili ina jibu la haraka, kwamba Socrates wa Athens hakuandika chochote na hakuna anayemfukuza. Ya kwanza ni nzito zaidi, na inazidi kuwa nzito mtu anapojua kwamba mmoja wa wenye hekima wa kifalsafa katika kitabu hicho, Oruka Rang'inya, alikuwa baba mzazi wa mwandishi. Hata hivyo, kama mazungumzo humharamishia mtu umiliki wa mawazo yake, basi hakuna mwanafunzi aliyewahi kuandika tasnifu yake mwenyewe mbele ya msimamizi.

Wakati mijadala hii ikiendelea, raia wa kawaida wa Kenya alilijua neno falsafa kwa njia nyingine kabisa. Rais Daniel arap Moi, aliyeshika madaraka mwaka 1978, alitangaza Falsafa ya Nyayo, ambayo nguzo zake zilikuwa amani, upendo na umoja, na ambayo aliifafanua katika kitabu cha mwaka 1986. Odera Oruka alikuwa na kundi la kuyaweka mawazo ya namna hii, pamoja na Ujamaa wa Nyerere, alilolitaja kuwa falsafa ya kizalendo na kiitikadi. Tatizo la Nyayo kwa mtazamo wa makala haya si nguzo zake, ambazo hakuna anayezichukia, ila ni kwamba zilifundishwa na kuimbwa na kwaya za shule katika mazingira ambamo kuuliza kwa nini kulikuwa hatari. Chuo Kikuu cha Moi, kilichofunguliwa mwaka 1984 huko Kesses, nje ya Eldoret, kilizaliwa katika miaka hiyo hiyo, na falsafa ikawa miongoni mwa masomo yake.

Mwaka 1987 falsafa iliingia mahakamani. Wakili S. M. Otieno alikuwa amefariki Desemba 1986, na mjane wake, Wambui Otieno, akataka kumzika karibu na Nairobi, huku ukoo wa Umira Kager ukidai mwili uzikwe Siaya. Odera Oruka aliitwa kuwa shahidi mtaalamu upande wa ukoo, na inashangaza kidogo kumwona mtu aliyefundisha kwamba mwanafalsafa hujitenga na mila akiwa kizimbani kuieleza mila. Hoja iliyobaki midomoni mwa Wakenya ni ile ya wakili wa ukoo, kwamba Mjaluo anaweza kuwa na nyumba Nairobi lakini hawezi kuwa na nyumbani huko. Ukoo ulishinda, na Otieno akazikwa Nyalgunga, Siaya, Mei 1987.

Hukumu ile haijamaliza swali, na Elgon View ni mahali pazuri pa kuliona likiendelea. Mwenye nyumba ya ghorofa aliyeishi humo miaka 30 anapofariki, mara nyingi jeneza hupelekwa kwenye shamba la Nandi, Keiyo, Bungoma, Kisii au Siaya, na watoto wake, ambao wamekijua kijiji hicho kwa sikukuu za Desemba tu, husimama kando ya kaburi wakisikia kwamba wamefika nyumbani. Mtoto anayeuliza ni kitu gani hasa kinachofanya mahali pawe nyumbani, kama ni kitovu, kaburi, hati ya ardhi au mazoea, hajakosa adabu. Ameuliza swali ambalo majaji walihitaji miezi kadhaa kulijibu.

Swali hilo lina sura kali zaidi katika mji huu. Eldoret ilianza kama kituo cha posta kwenye shamba lililopewa nambari 64, katika ardhi ambayo walowezi Makaburu walikuwa wameifikia mwaka 1908 baada ya wenyeji kuondolewa, na tangu hapo kila kizazi kimebishana ni nani mwenyeji na ni nani mgeni. Kabla ya walowezi, Wanandi walikuwa na kokwet, baraza la majirani lililokutana chini ya mti kuamua kesi za mifugo, mipaka na ndoa. Kokwet ilikuwa shule ya kusema na kusikiliza, lakini lengo lake lilikuwa maelewano, na maelewano yanaweza kupatikana bila mtu yeyote kuhoji kanuni yenyewe. Mauaji ya kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, tarehe 1 Januari 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi, yalitokea katika wilaya ambayo haikupungukiwa wazee wala methali. Kila upande ulikuwa na hekima yake ya kijamii, na hekima hiyo ilijua vizuri mno nani ni wa kwetu. Aliyekuwa adimu ni mtu wa aina ya Mbuya, anayewaambia watu wake mwenyewe kwamba hapa tumekosea, na kueleza kwa nini.

Kipimo kile kile kinaweza kutumika getini. Mama mboga anayekopesha huandika madeni kwenye daftari, na kila jioni huamua nani aongezewe muda na nani asipewe tena hata fungu la sukuma wiki. Akisema kwamba biashara ndivyo ilivyo, yeye ni mfanyabiashara hodari. Akieleza kwamba muuguzi ambaye mshahara wake umechelewa hana kosa, lakini mwenye gari anayesahau ana kosa ingawa deni ni lile lile, tayari anatofautisha kushindwa na kukataa. Na akiulizwa kuhusu mwenye gari ambaye kumbe amefutwa kazi kwa siri, akalifikiria na kulirekebisha neno lake, basi anafanya kile ambacho Odera Oruka alikitafuta kwa kinasa sauti. Si kila mama mboga atafika hapo, wala si kila mhadhiri.

Kazi hiyo iliacha mapengo. Wanawake katika mahojiano yale ni wachache mno, Peris Njuhi Muthoni akiwa ndiye anayetajwa mara nyingi, ilhali usawa wa jinsia ulikuwa miongoni mwa maswali ambayo wanaume waliulizwa. Lugha nayo ni pengo: wazee walisema katika lugha zao, vitabu vikatoka kwa Kiingereza. Pwani ilikuwa na bahati bora kidogo, kwa kuwa Ahmad Nassir Juma Bhalo wa Mombasa aliuchambua utu kwa Kiswahili katika Utenzi wa Mtu ni Utu, uliochapishwa mwaka 1979, na Mjerumani Kai Kresse akamchukulia kama mwanafalsafa kamili katika kitabu chake cha mwaka 2007 kuhusu kufanya falsafa Mombasa.

Odera Oruka aligongwa na gari Nairobi na kufariki Desemba 1995, akiwa na umri wa miaka 51. Miaka miwili baadaye Kresse na Anke Graness walihariri kitabu cha kumkumbuka, na miongoni mwa wachangiaji, pamoja na maprofesa, yumo Chaungo Barasa wa Bungoma, ambaye safari hii hakuhojiwa na mtu, bali aliandika sura yake mwenyewe kuhusu namna ya kuyaunganisha mazoea ya zamani na fikra za siku zijazo kwa ajili ya riziki ya familia.